Kila Chombo kwa Wimbile: Hoja juu ya Usukani wa Baiskeli

Ipo kasumba iliyotuingia waandishi na wasomi wa Kiswahili, nayo ni ya kuvipanga vitu vyote katika ngazi: kilicho chini ni cha kale, kilicho juu ni cha kisasa, na aliye chini hana kazi ila kupanda. Kasumba hiyo imefika hata kwenye baiskeli. Husemwa, tena na watu waliosoma, kwamba baiskeli ya mkulima wa Kilombero, yenye usukani mpana ulioinuka na kurudi nyuma kumwelekea mpandaji, ni masalio yaliyokwama njiani. Na kwamba baiskeli ya resi, yenye usukani uliopinda kwenda chini mfano wa pembe za kondoo dume, ndiyo hatua iliyofuata, ambayo watu wa Kivukoni bado hawajaifikia. Nakanusha. Na historia ya usukani huo imekanusha kabla yangu.

Tuanze na neno lenyewe. Usukani ni neno la chombo cha baharini. Sisi wa mwambao na visiwani tulikuwa nalo kabla baiskeli haijazaliwa; kisha likapanda bara, likapewa chuma kinachoongoza gurudumu la mbele. Na hakuna ajuaye bahari aliyepata kusema kwamba ngalawa ni jahazi lililodumaa. Wahenga walikwishakata shauri: kila chombo kwa wimbile.

Sasa tutazame mambo yalivyokwenda. Mwaka 1817, mjini Mannheim, Ujerumani, Karl Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedali. Mpandaji alijisukuma kwa miguu, na mbele yake palikuwa na ubao wa kuegemeza mikono. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris walitia pedali katika gurudumu la mbele. Gurudumu hilo likakuzwa, hata mpandaji akawa anakaa juu yake kama aliyepanda mnazi, na usukani ulionyooka ukawa kizuizi kwa magoti yake. Mafundi wakaukunja kwenda chini ili magoti yapite. Zingatia hapo, msomaji: mkunjo ule haukuletwa na kiu ya maendeleo. Uliletwa na magoti.

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli ya Rover, yenye mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ambayo ndiyo mama wa hizi tulizo nazo. Mwaka 1888, mjini Belfast, John Boyd Dunlop akaleta tairi la upepo. Mwendo ukaongezeka, na adui mpya akajitokeza: hewa. Kanuni yake haina huruma. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa hukupinga mara nne. Mwaka 1899 Mmarekani Charles Murphy alipanda baiskeli nyuma ya behewa la treni lililomkinga na upepo, akamaliza maili moja, yaani kilomita 1.6, kwa sekunde 57.8. Miguu ni ile ile ya binadamu. Kilichoondolewa ni hewa. Mshindanaji asiye na treni mbele yake alikuwa na dawa moja tu: kuinama. Ndiyo maana katika miaka ya 1890 usukani wa resi ulishushwa zaidi na zaidi.

Je, walioinama walisifiwa kwa usasa wao? La hasha. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliwacheka kwa vibyongo vyao, na wapo waliowabunia ugonjwa wenye jina la Kilatini. Mstaarabu wa siku zile alikuwa mwenye kukaa wima. Leo ulimi umegeuka: aliyeinama ndiye wa kisasa, aliye wima ndiye mshamba. Chuma ni kile kile. Kilichobadilika ni kiburi cha mtazamaji.

Wala usukani huo haukushinda kwa ubora peke yake. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure, akiwa amelala chali katika baiskeli ya Charles Mochet, alikwenda zaidi ya kilomita 45 kwa saa moja, akaipita rekodi ambayo Oscar Egg alikuwa ameishikilia tangu 1914. Mwaka 1934 chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli kikaamua kwamba chombo kile si baiskeli ya mashindano. Basi hiyo inayoitwa hatua ya juu ililindwa na kanuni za wakubwa. Hata ndani ya kanuni hizo haikubaki peke yake. Mwaka 1989 Greg LeMond alifunga vyuma vya kunyoosha mikono mbele kwa ajili ya mbio za kushindana na saa, akalitwaa taji la Tour de France kwa tofauti ya sekunde nane.

Baada ya hayo, twende Kivukoni, kando ya Mto Kilombero karibu na Ifakara. Pantoni imekwisha kazi yake. Sasa watu huvuka kwa daraja lenye urefu wa mita 384, na jina la Kivukoni limebaki. Baiskeli nazo zimebaki, wake kwa waume. Juu ya keria kuna gunia la mpunga, mkaa, tenga la samaki, au mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mzigo ukikaa nyuma, gurudumu la mbele hutaka kunyanyuka. Usukani mpana humpa mwenye baiskeli nguvu ya kulituliza. Njia ikiwa tope, hushuka akasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na wa pili kwenye gunia. Jaribu kazi hiyo kwa usukani wa pembe za kondoo: utatembea umekunja mgongo mpaka nyumbani. Na katika mwendo wa mtu aliyebeba gunia, hewa si adui wa kutajwa. Adui ni tope, uzito na jua.

Sisemi kwamba usukani wa kuinama si wetu. Marshall Taylor, Mmarekani mweusi, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1899 huku amejinyoosha juu yake. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024, na mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali. Kijana wa Ifakara akitaka resi, na apewe baiskeli ya resi. Ila asiambiwe kwamba baba yake, mwenye gunia, yuko nyuma yake. Wanakwenda safari mbili.

Wapo watakaosema natafuta ugomvi kwa jambo dogo. Si dogo. Barabara huchorwa na watu wenye imani zao. Anayeamini kwamba baiskeli ya mzigo ni hatua inayopita hataitengea njia. Ataisubiri ife, na wakati akisubiri, mwenye baiskeli husukumwa pembezoni mwa lami, baina ya lori na mtaro. Dharau iliyoanza katika maneno humalizikia katika mifupa ya watu.

Nanyi ndugu zangu washairi, msijitoe. Tangu miaka ya 1970 tunagombana, huyu akisema arudhi imepitwa, yule akisema shairi huru ni uasi. Wote wawili wamepanda ngazi ile ile. Swali la haki mbele ya umbo lolote, liwe la beti au la chuma, ni hili: limebeba nini, na linapita njia gani? Asiyeuliza hivyo hajui baiskeli, hajui chombo, na hajui shairi.