Jicho la mtoto halingoji siku ya soko

Mimi ni mmoja wa waliorudi nyumbani kutoka Tanzania, na riziki yangu naipata kwa kuvuka mpaka pale Rusumo na mchele na vitenge. Sisi wa mpakani tunaijua hasara ya kuchelewa: nyanya zikilala siku mbili kwenye foleni ya malori, mtaji umekwenda. Lakini upo mzigo tunaouchelewesha bila wasiwasi, nao ni macho ya watoto wetu.

Mpwa wangu alikuwa na mwaka na miezi michache pale dada yangu alipoona weupe unang'aa ndani ya mboni, kama jicho la paka usiku. Wiki ileile alimpeleka zahanati, akapewa dawa ya kupaka. Zahanati ya pili wakampa matone, wakasema ni mtoto wa jicho, angoje akue. Miezi saba ikapita. Tulipofika kwa daktari wa macho, jicho lilikuwa limevimba, ikabidi litolewe. Mtoto yu hai na anacheza, tunamshukuru Mungu.

Ugonjwa huo ni saratani iitwayo retinoblastoma. Huwapata hasa watoto wa chini ya miaka 5. Ukiachwa, hufuata mshipa wa jicho hadi ubongoni, na hapo huua. Ukiwahiwa, hutibika. Uchunguzi wa watoto zaidi ya 4,300 waliogunduliwa mwaka 2017 katika nchi 153 ulionyesha kuwa katika nchi tajiri hugunduliwa wakiwa na miezi kama 14, na katika nchi maskini miezi 30. Kwetu sisi maskini, karibu nusu yao saratani ilikuwa imeshatoka nje ya jicho. Kwa matajiri, hawakufika 2 katika kila 100.

Wengi husema akina mama wa vijijini ndio wazembe. Nakataa. Dada yangu hakuchelewa. Waliomchelewesha ni waliompokea. Hata kama ungekuwa mtoto wa jicho kweli, mtoto mdogo hangojeshwi, kwani jicho lisilotumika husahau kuona.

Kwa maoni yangu, wizara za afya za nchi zetu zitoe amri moja fupi: mtoto mwenye mboni nyeupe, au aliyeanza makengeza, apewe barua ya rufaa siku hiyohiyo. Siku za chanjo, wauguzi wawamulike watoto macho. Na barua hiyo iheshimiwe pande zote mbili za mpaka. Kituo cha macho cha Ruharo, Mbarara, Uganda, kilianza kutibu saratani hii kwa dawa za mishipani mwaka 2009. Kwa baadhi yetu Mbarara ni karibu kuliko mji mkuu wetu. Kama karatasi ya mchele inavuka, kwa nini ya mgonjwa isivuke?

Nasi wazazi tunalo letu. Ukimpiga mtoto picha kwa simu yenye mwanga, jicho moja likatoka jekundu na jingine jeupe, usiulize majirani. Nenda. Na daktari akisema jicho litolewe, baba usimfiche mtoto nyumbani. Wachunguzwe na ndugu zake, maana wakati mwingine ugonjwa huu ni wa kurithi.

Mtoto mwenye jicho moja atakuja kutusaidia kuhesabu fedha sokoni. Aliyezikwa hatatusaidia.