Kunakili si kujifunza

Bandugu mnaosoma Haskell pamoja nasi hapa kambini, leo tutasemana.

Tangu tuanze programu ya daftari la likelemba, kuna wenzetu wanashikilia eti kila aina ya pesa iandikiwe instansi ya Num kwa mkono: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, negate, abs, signum, fromInteger. Yote saba kwa Shilingi, halafu yaleyale saba kwa Faranga. Eti ndiyo nidhamu. Jamani, nidhamu gani? Sisi tulinakili mstari wa kujumlisha ili tuufanye wa kutoa, tukasahau kubadilisha alama ya ndani. Kompaila ikakubali, maana aina zilikuwa sawa. Mama mmoja akachukua faranga zake, daftari likaandika ameweka. Usiku ule tulimaliza chaji yote ya sola tukitafuta kosa, kwenye mistari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeisoma mara ya pili.

Na wale waliochoka kunakili? Wametupa aina zote, kila kitu ni Integer. Sasa hapo faranga 1000 zinajumlishwa na shilingi 1000, mashine kimya. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza, nyingine ikazisoma kama za metriki. NASA hao! Sisi tuna hela za wamama.

Tiba ni mstari mmoja, ukishawasha GeneralizedNewtypeDeriving:

newtype Faranga = Faranga Integer deriving (Eq, Ord, Num)

Kompaila inachukua hesabu zilezile za Integer, na bado Faranga haichanganyiki na Shilingi.

Tunajua mtasema Num inaleta na kuzidisha, na faranga mara faranga ni kitu gani? Hapo mna haki kabisa. Basi tuchukue kujumlisha tu, kwa DerivingVia kupitia Sum Integer, na kutoa tuandike wenyewe, mstari mmoja ambao kila mtu atausoma. Ila hoja hiyo inapunguza kazi. Vipi mnaitumia kutetea mistari saba?

Jumamosi tunafuta instansi zote mbili. Anayepinga aje, atuonyeshe mstari mmoja wa Num alioandika kwa mkono kwenye daftari hili ukafanya kitu ambacho Integer ilikuwa haijui.