Vita vya Somalia vitaisha lini?

Juzi kwa steji ya Mamboleo niliuliza swali moja tu: magaidi wakiua watu wako, ni sawa uende vitani? Wee! Sikupata hata nafasi ya kumaliza. "Wapigwe wote," jamaa mmoja wa boda akasema, na wenzake wakaitikia kama kwaya. Binamu yangu alikuwa hapo, kimya. Anajiandaa kwa usajili wa jeshi, kila asubuhi anapanda kilima cha kwenda Kiboswa akikimbia. Kwa hivyo kwangu hii si mada ya kupitisha muda.

Sitasema serikali haikuwa na sababu. Oktoba 2011, wageni walikuwa wametekwa nyara Lamu, na wafanyakazi wawili wa misaada wakachukuliwa Dadaab. KDF ikaingia Somalia, Operesheni Linda Nchi. Mwaka uliofuata al-Shabaab wakanyang'anywa Kismayu na bandari yake. Heshima kwa wanajeshi.

Lakini si jina lilikuwa Linda Nchi? Westgate 2013, watu 67. Mpeketoni 2014. Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri wetu.

Najua kuna msee atasema tulilipuliwa hata kabla, Nairobi 1998, Kikambala 2002. Kweli kabisa. Sisemi vita vilileta ugaidi. Nasema havikuuzima.

Na hiyo Garissa iangalieni vizuri. Washambuliaji waliingia alfajiri, kikosi cha Recce kikaingia jioni. Mmoja wa wauaji alikuwa Mkenya aliyehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake, chifu kule Mandera, alikuwa ameshawaambia wakubwa kwamba kijana amepotea. Sasa niambieni, ukiangusha bomu Jilib linampata vipi mtu aliyekuwa darasani Nairobi? Huyo alihitaji mpelelezi mmoja wa kuchukua ripoti ya mzazi kwa uzito.

Badala yake, Aprili 2014 tuliwakusanya Wasomali wa Eastleigh tukawajaza uwanja wa Kasarani. Halafu Desemba 2015, basi la Mandera likasimamishwa, na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi hapo, akafa mwezi uliofuata. Wale waliokuwa wakishukiwa ndio waliokinga wenzao kwa miili yao, ati bila bunduki hata moja.

Kwangu mimi, serikali inaweza kuwa na haki ya kuanza vita, lakini haki hiyo inaisha siku inaposhindwa kusema vitaisha lini na vimekula nani. Sisi tuliambiwa ni operesheni. Zaidi ya miaka kumi baadaye vijana wetu bado wako kule. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ya El Adde ilivamiwa, na mpaka leo serikali haijatupa hesabu kamili ya waliokufa. Kuna mama alizika mtoto wake, na nchi haikumhesabu.

Jana nilimuuliza binamu kama anaijua El Adde. Hajawahi kuisikia. Mwaka huo alikuwa darasa la tatu.

Leo saa kumi na moja asubuhi nimesikia geti likifunguka. Ameenda kukimbia.