Tuanze na Kinangop

Ukitaja kuunganisha madarasa kwa mtandao, macho ya wengi huelekea Ulaya. Picha tunazotumiwa na wasomaji zinafanana: projekta ukutani, watoto wa kizungu wanapunga mikono, wa kwetu wanaimba. Toleo hili ni la madarasa yanayokutana kwa njia hiyo, na msimamo wangu nautoa mapema. Darasa la Lukozi, huku juu Lushoto, lianze na Kinangop, Kenya. London itasubiri zamu yake.

Lukozi inaishi kwa kabichi, karoti na viazi. Mafuso yanapakia sokoni, yanateremka kupitia Soni hadi Mombo, kisha yanashika njia ya Dar es Salaam. Kinangop, kwenye baridi ya Nyandarua, nako ni viazi na kabichi, na malori yao yanaikimbilia Nairobi. Mtoto wa Lukozi anaijua lumbesa kabla hajafundishwa asilimia: gunia limevikwa kilemba juu, mkulima analipwa bei ya gunia moja. Mwenzake wa Kinangop anaiita mukorino. Kanuni za Kenya za mwaka 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Kwetu sheria ya vipimo inaruhusu hadi 100. Basi wapime. Wabadilishane kila wiki bei ya shambani na bei ya mjini, wageuze shilingi ya Kenya iwe ya Tanzania, wajue nani anapunjwa zaidi, na waulizane kwa nini kanuni ipo na kilemba bado kipo. Humo mna hesabu, jiografia na uraia, na baba mtu nyumbani atataka kusikia majibu.

Tena watazungumza, na hili ndilo linalonisukuma hasa. Watoto wa Lukozi wanaongea Kishambaa nyumbani, na shule ya msingi wanasoma kwa Kiswahili. Wakiwekwa mbele ya Waingereza, mwalimu ndiye anayesema, wao wanatabasamu. Kwa Kiswahili mtoto anauliza, anabisha, hata anatania. Wangeelewana pia na wenzao wa Lubero, Kivu Kaskazini, Kongo, wakulima wa viazi vilevile, ingawa vita vimezivuruga shule za huko na saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja.

Sidharau marafiki wa mbali. Wamisionari Wajerumani wa Bethel walifika Mlalo, jirani tu na hapa, mwaka 1891, na milima hii ina watu wake Ujerumani mpaka leo. Lakini katika urafiki wa aina hiyo upande mmoja umezoea kutoa na wa pili kushukuru. Mtoto aliyefundishwa kushukuru tu, atamsahihisha lini mwenzake?

Kuhusu vifaa sitasema mengi, maana makala za ndani zimejaa vifaa. Mtandao wa iEARN ulianza mwaka 1988 kwa kuunganisha shule za jimbo la New York na za Moscow, kabla hata wavuti haijazaliwa. Sisi tunasubiri maabara ya kompyuta. Simu moja ya mwalimu inatosha: sauti za watoto zirekodiwe mchana, zitumwe jioni kwa WhatsApp, majibu yasikilizwe kesho yake kwenye spika. Mtandao ukisumbua, somo linachelewa tu, halifi. Video ya moja kwa moja ibaki kwa siku ya wageni.

Gharama iliyobaki ni bando, na kwa kawaida mwalimu ndiye anayelinunua. Kamati za shule zinapokaa kupanga matumizi ya Januari, ziliandike bando pamoja na chaki na karatasi za mitihani, hata kama ni fedha kidogo. Mwalimu anayetoa mfukoni mwake kila wiki atakuwa ameacha kabla ya likizo ya Juni, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.