Siri ya mtoto si ya ofisi ya shule

Mama mmoja alinijia kliniki na fomu ya shule yenye swali: mtoto ana HIV? Alitaka kujua kama ni lazima ajibu. Si lazima, mzazi mwenzangu.

Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza watoto wa shule wanaoishi na HIV waorodheshwe. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na Desemba 2016 agizo hilo likatajwa kuwa linakiuka Katiba. Nia ilikuwa kupanga huduma, nakubali. Lakini dawa hupangwa kwa idadi ya wagonjwa. Majina ya nini?

Isipokuwa katika hali chache, kama amri ya mahakama, Sheria ya HIV na Ukimwi ya 2006 inakataza kuanika matokeo bila idhini ya maandishi. Kwa mtoto, anayeidhinisha ni mzazi au mlezi. Siri ikitolewa, peleka malalamiko kwa Jopo la HIV na Ukimwi lililoundwa na sheria hiyo. Linaweza kuamuru ulipwe fidia.

Sasa faili zinahamia kwenye kompyuta, chini ya Sheria ya Afya Dijitali ya 2023. Ukiandikishwa, uliza: nani mwingine ataifungua faili hii? Mimi niliulizwa hivyo na mgonjwa, nikakosa jibu.