HKL Si Jalala la Waliofeli Fizikia

Machaguo ya kidato cha tano yakitoka, mzazi wa Tukuyu, hapa Rungwe, ambaye mwanawe kapangiwa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) hupigiwa simu za hongera hadi kutoka Dar. Wa HKL hupewa pole. "Si haba, atakuwa hata mwalimu," watu humwambia, na wengi wao walisomeshwa kwa mshahara wa mwalimu. Imani yenyewe haifichwi: Historia, Kiswahili na Kiingereza ni jalala la walioshindwa Fizikia, na fasihi ya Kiingereza iliyomo humo ni hadithi za kupotezea muda.

Wanaosema hivyo hawajavifungua vitabu vyenyewe. Kimoja ambacho wengi waliopita HKL wanakikumbuka ni An Enemy of the People, tamthilia ya Henrik Ibsen wa Norway iliyotoka 1882. Daktari anagundua kwamba maji ya bafu za tiba, tegemeo la mapato ya mji wao, yana vijidudu. Meya, ambaye ni kaka yake wa damu, anataka anyamaze. Mhariri wa gazeti yuko upande wa daktari mpaka anaposikia kwamba gharama za kutengeneza mabomba zitatoka mifukoni mwa wananchi. Hapo anageuka, na mji unamfuata. Mwanafunzi akiulizwa mhariri kageuka wapi hasa, kwa neno lipi la meya, inabidi arudi kwenye ukurasa aonyeshe. Hiyo si porojo. Mpe kijana aliyezoea kazi hiyo mkataba wa parachichi, atakuonyesha kifungu kinachomwachia mkulima hasara ya matunda yaliyokataliwa. Rungwe ya leo, inayopanda parachichi pembeni ya chai, inamhitaji kuliko inavyodhani.

Kuna jambo jingine, na hili kwa Mnyakyusa lingepaswa kuuma. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia, walifanya utafiti huku Unyakyusa kati ya 1934 na 1938. Mwaka 1951 Monica akatoa Good Company, kitabu kuhusu vijiji vya rika, ambako vijana wa umri mmoja walijenga na kuishi pamoja. Kwa wasomi wengi wa nje, Wanyakyusa ndio hao wa kitabuni. Nani wa kwetu atakisoma kwa jicho la kudadisi, aseme hapa mwandishi kaona sawasawa, hapa kapamba, hapa pengine kawasikiliza wazee akawasahau vijana? Si daktari wa meno.

Wapinzani wangu wana hoja moja ya kweli: wahitimu wengi wa HKL hawajui kudadisi hivyo. Watajuaje? Mwanafunzi anatoka steshenari na pamfleti, kurasa za kutoa kopi zenye uchambuzi tayari: dhamira, wahusika, ujumbe. Anazikariri, anazitema kwenye mtihani wa Baraza la Mitihani, anafaulu, na tamthilia yenyewe hajaishika mkononi. Pamfleti imemsomea. Lakini somo limefikaje hapo? Kikao cha wazazi kikiitishwa, mchango wa maabara unapita bila ubishi mrefu. Mwalimu wa fasihi akiomba nakala za tamthilia, watu wanatazamana: pesa yote hiyo kwa vitabu vya hadithi? Tunalinyima somo chakula, kisha tunalicheka kwa kukonda. Na mtoto aliyeambiwa tangu siku ya kwanza kwamba yuko jalalani hana sababu ya kujituma.

Ajira? Ni haba kwa wote, wa sayansi wakiwamo, na ninashangaa hoja hii bado inatolewa na watu wenye vijana wa shahada waliokaa nyumbani. Na nchi yenyewe haikuanza kwa kuyadharau masomo ya namna hii: chuo kikuu chake cha kwanza kilipoanza Dar es Salaam, Oktoba 1961, kilianza na kitivo cha sheria, kazi ya watu wa kusoma na kubishana. Naye Nyerere, mwaka 1963, akiwa tayari rais, alichapisha Julius Caezar, tafsiri yake ya Shakespeare: mchezo ambamo mtawala anachomwa visu na watu wake wa karibu. Hakuna aliyempa pole.

Mwaka huu, mzazi mwenye mtoto HKL aende kwenye kikao cha shule aulize mambo mawili tu: wanafunzi wa fasihi ni wangapi, na tamthilia ziko nakala ngapi. Akijibiwa kwamba pamfleti zipo, asikae chini.