Faini Isiyobishika

Ipo adhabu moja hapa Tanzania ambayo hutolewa kila siku na kulipwa kila siku, na ni nadra sana kusikia mtu ameipinga. Nayo ni faini ya mwendo kasi. Wakubwa wakiona watu wanalipa bila kelele, huenda wakadhani kwamba wote waliolipa walikuwa na kosa. Mimi nasema sivyo. Watu wanalipa kwa sababu kubisha ni ghali kuliko kulipa. Na pale ambapo kubisha ni ghali kuliko kulipa, mwenye kosa na asiye na kosa huonekana sawasawa.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na kibao cha 50. Gari likienda kilomita 70 kwa saa hugonga kwa nishati iliyo karibu mara mbili ya ile ya gari hilo hilo likienda 50, na mtoto anayevuka barabara na ndoo ya maji kichwani hana cha kumkinga. Anayepita kijijini kwa kilomita 90 aadhibiwe, tena vikali kuliko sasa. Ugomvi wangu ni juu ya namna tunavyomtambua huyo, na nafasi tunayompa yule anayesema si yeye.

Mwaka juzi nilisimamishwa katika barabara kuu, kilomita kadhaa baada ya kijiji kimoja.

"Shikamoo mzee. Umepigwa tochi kule nyuma. Sabini na moja."

"Marahaba. Naomba kuiona picha, afande."

Akanionyesha simu yake. Palikuwa na lori, na kando yake gari dogo jeupe. Magari madogo meupe nchi hii ni mengi kuliko kunguru wa Dar es Salaam. Namba haikusomeka. Nikamwambia kosa hilo silikubali. Hakunifokea hata kidogo; alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mgonjwa akikataa dawa. "Mzee wangu, faini ni elfu thelathini tu. Ukikataa ni mahakamani, na leo ni Ijumaa."

Nilikataa. Jumatatu nilirudi, nikaambiwa nije Jumatano. Jumatano jalada halikuonekana. Baada ya saa nne za kukaa kwenye benchi nikaambiwa, "Mzee, nenda tu." Nauli, chakula na kitanda cha gesti vilinigharimu shilingi 86,000, mbali na siku mbili za kazi. Wala hakuna aliyenitamkia kwamba sina hatia. Na mimi ni mtu mwenye pensheni na muda. Dereva wa teksi ambaye jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri angefanyaje? Angelipa, na kwenye kumbukumbu angehesabiwa kuwa amekiri.

Muuza nyama wa sokoni, mizani yake hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Mnunuzi huiona stika, huutazama mshale, na akitilia shaka robo kilo yake husema, "Pima tena." Nani amewahi kumwambia trafiki apime tena? Chombo kinachoweza kumtoa mtu shilingi 30,000 hakionyeshi stika kwa yeyote, na mara nyingi hakionekani chenyewe, kwa kuwa kimejificha nyuma ya mwembe.

Tochi yenyewe si mchawi. Ile ya rada hurusha mawimbi ambayo hutanuka kadiri yanavyokwenda mbali, na mbele ya lori na gari dogo linaloweza kujibu ni lori, kwa kuwa bati lake ni pana. Ile ya leza ina mwale mwembamba, lakini inataka mkono uliotulia. Ni haki niseme pia kwamba askari akisimama pembeni mwa barabara, pembe ile huifanya tochi isome pungufu, jambo ambalo ni faida kwa dereva. Kwa hiyo sisemi kwamba vyombo hivi ni vya uongo. Nasema kwamba tochi hutaja kasi. Kusema kasi hiyo ni ya gari gani ni kazi ya binadamu, na binadamu huulizwa maswali.

Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Wapo watakaocheka kwamba nimeivuta Katiba hadi kwenye elfu thelathini. Lakini mwananchi wa kawaida huenda asifikishwe Mahakama Kuu maisha yake yote. Dola hukutana naye hapo hapo, chini ya mwembe.

Wengine watasema mahakama zitafurika. Hazitafurika. Aliyekimbia anajijua, na akionyeshwa picha safi atalipa upesi aendelee na safari. Kinachofurika leo ni dharau. Madereva wanawashiana taa kuonyana kwamba tochi ipo mbele, na wa basi, ambaye kikomo chake ni 80, akishaipita hukanyaga mafuta kufidia muda uliopotea. Faini kwake imekuwa kama ushuru wa geti. Abiria aliyelala kiti cha nyuma ndiye anayebeba hatari ya hesabu hiyo.

Basi hati ya faini ionyeshe picha yenye namba inayosomeka, mahali tochi iliposimama, tarehe chombo kilipohakikiwa mara ya mwisho, na siku moja ya shauri kwa anayebisha, katika mahakama ya karibu. Askari asipofika na ushahidi siku hiyo, shauri lifutwe na mtu apewe karatasi inayosema hivyo. Mashine ya kuchapisha tayari wanayo mkononi, na mistari minne zaidi haitawamalizia karatasi.